Gitaa la Mapaja Manne

Gitaa liliingia nyumbani kwao kwa bahati nasibu. Baba, mlinzi wa ghala la saruji, alikata tiketi kwenye sherehe ya kazini akiwa na hamu ya jokofu. Jokofu likaenda kwa mhasibu, ambaye tayari alikuwa nalo, na baba akarudi jioni amekumbatia gitaa kama mtoto aliyepitiwa na usingizi njiani. Hajavua hata viatu, mabinti zake wawili wakalidaka. Mkubwa akakamata shingo, mdogo akakamata tumbo, na hakuna aliyekubali kuachia.

Kelele zile zilimtoa mama yao kibarazani, alikokuwa akishona makochi ya watu. Mkononi alikuwa na nyundo na mdomoni misumari midogo, kwa hiyo ilimbidi aiteme kwanza ndipo agombe.

"Nani kalishika kwanza?"

"Mimi!" wakasema wote wawili.

"Basi yameisha. Mkubwa, umeshika shingo, kaa na shingo yako. Mdogo, umeshika tumbo, kaa na tumbo lako. Atakayegusa upande wa mwenzake, hilo gitaa nalivalisha kitambaa naligeuza mto wa kochi."

Alisema vile ili wanyamaze amalize kazi ya mteja. Hakujua kwamba anatunga sheria.

Watoto wakaitii kama ilivyo. Waliketi kwenye benchi la mama yao, ubavu kwa ubavu, gitaa limelala juu ya mapaja yote manne. Mkubwa, aliyekaa upande wa kushoto, alibana nyuzi shingoni kwa mkono wake wa kushoto. Mdogo, aliyekaa kulia, alizidonoa kwa mkono wake wa kulia. Mikono miwili iliyobaki katikati haikuwa na kazi wala pa kukaa, ikajitafutia njia kwa nyuma: wa mdogo ukashika kiuno cha dada yake, wa mkubwa ukalala mgongoni kwa mdogo wake. Na kwa kuwa mkono haukai bure, ule wa mgongoni ukajipatia kazi. Kila mkubwa alipotaka kubadilisha mshiko, yaani kuhamisha vidole vyake kwenda kwenye sauti nyingine, alimgonga mdogo wake mgongoni mara mbili: tak-tak. Mdogo akishaguswa, anajua. Hata wimbo wenyewe ulianza hivyo hivyo, kwa tak-tak.

Haikuchukua muda mtaa ukawabatiza Shingo na Tumbo, na majina yale yakawaganda mpaka ukubwani.

Hakuna aliyewafundisha, kwa hiyo hakuna kosa la gitaa ambalo hawakuliokota. Shingo alibana nyuzi kana kwamba zitamkimbia, gumba lake likachungulia juu ya mti wa gitaa, naye akainama mpaka pua ikakaribia kukwaruzwa. Tumbo alifuga kucha, akatumia mpaka kidole cha mwisho ambacho wapiga gitaa wengi hukiacha kipumzike, na wimbo ukimkolea aliuchapa ubao kwa kiganja kama ngoma. Lakini walipopiga pamoja, watu waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Walianza kuitwa kwenye harusi za majirani, kisha za marafiki wa majirani, kisha za watu wasiowajua kabisa.

Miaka ikaenda. Shingo akapata kazi kwenye duka la dobi, akisimama siku nzima nyuma ya pasi ya mvuke, akinyoosha kola za mashati ya watu wa maofisini. Tumbo akawa dereva wa basi la shule, na watoto walimwogopa kuliko walivyomwogopa mwalimu mkuu, kwa sababu mwalimu mkuu hakuwa na kioo cha kuwaona wote kwa mpigo. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Mwisho wa wiki walikutana, wakaketi, wakapiga.

Ugomvi ulitoka harusini. Mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kung'aa na sauti ya kung'aa zaidi, alichukua kipaza sauti akasema: "Makofi mengi kwa mpiga gitaa wetu hodari, pamoja na dada yake anayemshikia gitaa!"

Watu wakapiga makofi. Shingo angeweza kulimeza lile. Mshereheshaji ni mtu wa kupita, kesho hatamwona. Lakini pembeni yake Tumbo alicheka, na hakikuwa kicheko cha kujizuia. Alicheka mpaka gitaa likatikisika mapajani mwao.

Walipiga nyimbo zote walizoahidi bila kutazamana. Walipokuwa wanafunga vitu vyao nyuma ya ukumbi, karibu na masufuria yanayooshwa, Shingo akasema, "Kumbe nakushikia."

"Dada, si maneno ya yule kijana tu?"

"Yeye kasema. Wewe ndiye uliyecheka."

"Nilicheka kwa sababu inachekesha! Eti unanishikia, kama mtu anayemshikia fundi ngazi..." Tumbo akaanza tena kucheka. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa kiganja, kicheko kikatokea puani.

Shingo akafunga zipu ya mfuko wa gitaa polepole, mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Kuanzia leo jishikie mwenyewe."

Akaweka gitaa begani, akaondoka.

Tumbo alidhani ni hasira za siku mbili. Alipoona simu hazipokelewi na ujumbe haujibiwi, naye akapandisha hasira. Alipita kwenye duka la vyombo vya muziki akiwa bado na sare ya udereva, akanunua gitaa lake mwenyewe, jekundu, la kung'aa. Akalipeleka nyumbani, akakaa kitandani, akaliweka mapajani. Mkono wa kulia ukaanza kazi bila kuulizwa. Mkono wa kushoto ukafika shingoni ukasimama pale kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Alipobana nyuzi, zilitoa mlio wa mlango mbovu, na baada ya dakika chache ncha za vidole zilimuwaka akawa anavipulizia.

Upande wa pili wa mji, Shingo alikuwa na balaa lake. Mkono wa kushoto ulikuwa mfalme. Vidole vyake vilikuwa na sugu ngumu ambazo hata pasi haikuziunguza. Mkono wa kulia ndio uliomwaibisha: aliutupa kwenye nyuzi kama mtu anayefukuza nzi kwenye sahani. Paka wa jirani, aliyekuwa na mazoea ya kulala dirishani pake, alihama.

Kila mmoja alimpigia simu mama yao kwa wakati wake kumshtaki mwenzake.

"Mimi nilitaka kumaliza kochi la mteja," mama akawaambia wote jibu moja. "Nyie mkalifanya katiba. Sasa irekebisheni wenyewe, mimi nina kazi."

Katika mji ule palikuwa na mwalimu mmoja tu wa gitaa aliyetajwa kila ukiuliza. Alikuwa mzee mwembamba aliyestaafu kufundisha chuoni, aliyevaa tai hata siku ambazo bati la paa lake lililia kwa joto. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la rangi na mabomba, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wanafunzi. Ukutani alibandika mchoro mkubwa wa mkono wa binadamu, wenye mishale ikionyesha kila kiungo kinapotakiwa kuwa.

Shingo alipewa siku ya Jumanne.

"Kaa," mwalimu akamwambia. "Hapana. Hicho ni kiti cha mtu mmoja, mbona umekaa ukingoni? Unamwachia nani nafasi?"

Shingo akatazama chini. Kweli, nusu ya kiti ilikuwa tupu. Akasogea katikati, akajisikia kama amekaa mahali pa mtu.

"Mguu kwenye kibao. Mgongo wima. Gumba liende nyuma ya shingo, lisichungulie, hakuna anayeliita. Haya, piga."

Mwalimu alipouona mkono wa kushoto unavyotembea, nyusi zake zilipanda. Alipousikia mkono wa kulia, zikashuka. Kisha akaona kitu ambacho hajawahi kukiona katika maisha yake ya kufundisha. Kila mwanamke yule alipotaka kubadilisha mshiko, mkono wa kulia uliziacha nyuzi, ukaugonga ubao wa gitaa mara mbili, tak-tak, ndipo ukarudi.

"Simama hapo. Huo mkono unafanya nini?"

"Upi, Mwalimu?"

"Huo unaobisha hodi. Unabisha kabla ya kuingia. Humo ndani kuna nani?"

Shingo akachungulia tundu la gitaa. "Hakuna mtu, Mwalimu."

"Basi ingia tu."

Ijumaa, Tumbo aliegesha basi tupu la shule mbele ya duka la rangi, akapanda ngazi zile zile, akakalia kiti kile kile. Hakujua, na mwalimu hakujua, kwa sababu mwalimu hakuwa mtu wa kuuliza ndugu za watu. Wanafunzi wake aliwaita kwa siku zao: wa Jumatatu, wa Alhamisi.

Mkono wa kulia wa Tumbo ulimfanya mwalimu avue miwani aifute. Wa kushoto ukamfanya atamani asiivae tena. Lakini kilichomshangaza zaidi ni kwamba mwanamke yule alishindwa kuanza. Alikaa na gitaa lake jekundu, vidole tayari, mgongo ameusukuma nyuma kidogo, akasubiri.

"Unasubiri nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Una maumivu ya mgongo?"

"Hapana. Ni kama..." Tumbo akatafuta neno. "Ni kama bado sijaruhusiwa."

"Mimi ndiye mwalimu. Nimekuruhusu."

Hakuanza. Alijilazimisha, akaingia kwa kujikwaa, akapotea, akacheka. Mwalimu hakucheka. Hali ikawa hiyo Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka siku moja mzee alichoka, akaketi kwenye kibao chake cha mguu.

"Mwaka huu nimepatikana," akasema. "Wa Jumanne ana mkono wa kushoto ambao ningeweza kuuandikia barua ya posa, na wa kulia ni marehemu. Wewe ni kinyume chake. Ningekuwa daktari wa upasuaji ningewaunganisha nikapata mtu mmoja wa maana. Na kuliko yule, heri wewe, yule anabisha hodi."

"Anabisha hodi vipi?"

"Hivi." Mwalimu akanyoosha mkono, akagonga ubao wa kiti cha Tumbo, nyuma ya mgongo wake, mara mbili. Tak-tak.

Mgongo wa Tumbo ukanyooka. Mkono wake wa kulia ukazishukia nyuzi wenyewe, safi, kwa wakati wake, na wimbo ukatoka kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. Ulikuwa wimbo wa nyuzi tupu, kwa sababu mkono wa kushoto ulibaki umeduwaa, lakini mwalimu alisimama.

"Umefanyaje hapo?"

Tumbo akageuka. "Huyo wa Jumanne," akauliza taratibu, "anafanya kazi gani?"

"Sijawahi kumuuliza. Ila ananukia wanga na nguo zilizopigwa pasi."

Jumanne iliyofuata, Tumbo aliwashusha watoto wa mwisho, akaendesha basi mpaka duka la rangi, akapanda ngazi nusu, akaketi hapo kwenye giza la ngazi karibu na mikebe iliyopangwa ukutani. Juu, mlango ulikuwa umeegeshwa tu kwa sababu ya joto. Akamsikia dada yake.

Alikuwa anapiga wimbo wao wa kwanza kabisa, ule walioutunga kibarazani mama akipigilia misumari. Alipiga polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Na kila baada ya hatua kadhaa, tak-tak, ubao ulilia. Kila ulipolia, vidole vya mkono wa kulia wa Tumbo vilicheza juu ya goti la suruali yake. Alitamani kucheka, kicheko hakikuja. Alishuka kabla somo halijaisha.

Jumanne nyingine akarudi. Tak-tak ilikuwa imepungua sauti.

"Vizuri," alimsikia mwalimu akisema. "Mkono unaanza kupata adabu."

Jumanne baada ya hiyo, alisikiliza wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Shingo alibadilisha mshiko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakubisha hodi. Si kwamba alipiga vizuri sana, lakini alipiga peke yake, bila kumwambia mtu kwamba anahama.

Tumbo alikaa pale kwenye ngazi akiwa na jambo jipya kichwani. Mwalimu yule alikuwa anawaponya. Wiki chache tu zijazo, dada yake asingemhitaji, na yeye mwenyewe, kama vidole vyake vikiacha kuuma, asingemhitaji dada yake. Hapo hata wakipatana watakuwa watu wawili wenye magitaa mawili, kama watu wengine wote. Alijikuta amesimama. Akapanda ngazi zilizobaki, akausukuma mlango.

"Nani?" mwalimu akageuka. "Leo si Ijumaa."

Shingo aliinua uso kutoka kwenye nyuzi. Walitazamana.

"Kumbe," akasema Shingo.

"Kumbe," akasema Tumbo.

"Mnafahamiana?" mwalimu akauliza.

"Mdogo wangu."

"Dada yangu."

Mwalimu akatafuta kiti. Hakukuwa na kingine, akaegemea ukuta, chini ya mchoro wa mkono.

"Dada," Tumbo akaanza, akiwa bado mlangoni na funguo za basi mkononi, "nilikosea kucheka. Nimejaribu kujishikia mwenyewe. Ona." Akamnyooshea vidole vya kushoto, ncha zake nyekundu zimevimba kama zimeumwa na nyuki. "Miaka yote nilidhani upande wangu ndio unaotoa sauti. Kumbe mimi nilikuwa naita tu, wewe ndiye unayejibu."

Shingo alivitazama vile vidole kwa muda. Alivijua vidole vya namna ile. Vilikuwa vyake zamani, kabla havijaota sugu.

"Viweke kwenye maji ya chumvi," akasema. Kisha, kama anayevuta maneno kutoka mbali: "Na mimi nilidhani upande wako ni kukuna tu. Nimekuna hapa mpaka paka kahama mtaani."

"Paka yupi?"

"Yule wa dirishani."

Tumbo akajitahidi kukaza uso. Safari hii aliyeanza kucheka ni Shingo.

"Subirini," mwalimu akasema. "Subirini kwanza. Ina maana haya makosa yote, gumba, kubisha hodi, kusubiri ruhusa... mmefundishana?"

"Mama ndiye aliyetuamuru," Tumbo akasema.

"Mama yenu ni mwanamuziki?"

"Fundi makochi."

Mwalimu akalegeza tai. Alitaka kuona. Akakiburuta kitanda kidogo cha kupumzikia kutoka chumba cha nyuma, kwa sababu kiti hakikutosha, nao wakaketi, ubavu kwa ubavu, gitaa la nyumbani likalala mapajani. Mikono miwili ikapita nyuma. Mzee akazunguka, akatazama migongo yao, akaona vidole vya Shingo vikimgonga mdogo wake, tak-tak, na muziki ukaingia chumbani.

Walikuwa wamekaa muda mrefu bila kupiga pamoja, na mwanzoni walijikanyaga. Kisha wakakumbukana. Chini, mwenye duka la rangi aliacha kupima mabomba, akatoka nje akatazama juu dirishani.

Walipomaliza, mwalimu alirudi mbele yao. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole vyake. "Mmekaa vibaya. Gumba limerudi palepale nilipolitoa. Wewe unauchapa ubao kama unamfukuza mtu. Mmeinama wote, mtaota vibyongo. Tangu nianze kazi hii sijaona gitaa likitendewa hivi." Akavuta kibao chake cha mguu, akaketi. "Hebu rudieni pale katikati, pale mlipopanda."

Wakarudia pale walipopanda. Wakarudia tena.

Jua lilipoanza kuingia dirishani kwa ubavu, Tumbo alisema sasa wanaweza kuacha masomo, mambo yamekwisha. Shingo akatikisa kichwa.

"Mimi naendelea."

"Kwa nini? Si tumepatana?"

"Tumepatana. Lakini nataka kujua kupiga peke yangu. Nimeanza kuusikia huu mkono." Aliuinua mkono wa kulia akautazama, kama mtoto wa jirani aliyerefuka bila taarifa.

Tumbo alisema sawa. Njiani, akiendesha, alikosa kona ya kwake, akafika mbali ndipo akagundua.

Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa zikabaki kama zilivyo, na mwalimu akaweka sharti: mbele yake watapiga kwa adabu, kila mtu na kiti chake. Wakishafika kwao wafanye uhuni wao. Vidole vya Tumbo vikaanza kuota sugu, moja moja, na alizionyesha kwa watoto wa basi kama mtu anayeonyesha pete.

Shule ilipokaribia kufunga, mwalimu mkuu aliwaomba wapige kwenye sherehe ya wazazi. Ukumbi ulijaa. Baba na mama yao walikaa mstari wa mbele, mama akikagua mishono ya kiti alichokalia. Mwalimu wa gitaa alikaa nyuma yao, tai imekaza. Jukwaani paliwekwa benchi refu, na Shingo alikuwa ameshafika, gitaa mapajani. Tumbo alikuwa ametumwa na basi kuwachukua wazazi wanaokaa mbali.

Simu ya Shingo ikatetema.

"Dada, tairi limepasuka," Tumbo alipumua kwa nguvu. "Nimepiga jeki, nati haifunguki. Wewe anza."

"Nianze nini?"

"Kupiga!"

"Peke yangu?"

"Kwani Jumanne huwa unapiga na nani?"

Simu ikakatika. Mwalimu mkuu alikuwa anamwonyesha saa. Shingo alitazama benchi, upande wa kulia uliokuwa mtupu. Akasogea. Si sana, kiasi cha kuketi katikati. Akaweka gumba nyuma ya shingo, kwa sababu ndivyo mkono ulivyokaa vizuri leo, akavuta pumzi, na mkono wake wa kulia ukaanza.

Haukuwa mkono wa Tumbo. Haukuwa na zile kucha wala ule wepesi. Ulikuwa mkono wa mpiga pasi: ulienda taratibu, ukapita kila mahali, haukuruka kona. Wimbo alioupiga ulikuwa wa pole, na wazazi waliokuwa wakiongea wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Mahali fulani aliteleza, sauti mbaya ikatoka. Akaendelea. Mama yake aliacha kukagua kiti.

Tumbo alifika na wazazi wake wa basi alipokuwa ameanza wimbo wa pili. Aliwapitisha kwa kunyata, yeye akabaki mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mikono yake ilikuwa nyeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Alisimama akimtazama dada yake, mgongo umenyooka kama alivyotaka mwalimu, na wivu ukampitia kidogo, kama upepo wa mlangoni. Kisha Shingo akafika pale wimbo unapopanda, akapanda nao bila kuomba msaada wa mtu, na Tumbo akasahau wivu, akawa anamwombea tu afike juu salama. Alipofika, Tumbo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi, na grisi ikamrukia mwenyekiti wa kamati ya wazazi shatini.

Shingo alipiga na wa tatu. Kisha akashuka, akapenya kati ya watu waliotaka kumshika mkono, mpaka mlangoni.

"Umefika saa ngapi?"

"Wimbo wa pili unaanza."

"Mbona hukuja kukaa?"

Tumbo akamwonyesha mikono.

"Si kuna bomba hapo nje? Umelipita ukiingia."

"Nililiona," Tumbo akasema.

Shingo alimtazama. Alimshika mdogo wake kwenye kiwiko, palipokuwa na grisi kidogo, akamtoa nje mpaka kwenye bomba, akafungua maji. Na Tumbo alipokuwa akisugua vidole, Shingo alianza kumsimulia yote kwa pupa, kana kwamba mwenzake hakuwepo kabisa: alivyodhani atazimia, alivyoteleza pale katikati, yule babu wa mstari wa pili aliyesinzia na mdomo wazi, mkewe akamfinya, akaamka akashangilia kwa nguvu kuliko wote.

"Akashangilia nini na alikuwa amelala?"

"Ndiyo nakwambia!"

Maji yalitiririka meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe. Ndani, mwalimu mkuu alikuwa kwenye kipaza sauti akiwatafuta, na mama yao alikuwa amepanda jukwaani bila kuombwa, akilibonyeza benchi kwa viganja na kumwambia mwalimu wa gitaa kwamba ubao mtupu namna ile hauwezi kukalisha watu wawili vizuri, lazima uwekewe sponji.